Nimegombea Uhakimu, Nimehukumiwa Mimi

Wapendwa, leo nimeaibika, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawaandikia mapema kabla Mama Neema hajawasimulia. Yeye akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji.

Kwa ndugu wasiojua: hapa Sweden, kwenye kesi za jinai, jaji aliyesomea sheria hukaa na raia watatu wa kawaida, na kura ya kila mmoja ina uzito sawa na yake. Vyama vya siasa hupendekeza majina, madiwani huchagua. Tawi letu la chama, hapa mtaani Alby, lilikuwa na nafasi moja. Wagombea tulikuwa wanne.

Niliitaka nafasi ile kwa moyo wote. Kule nyumbani Uvira nilitetea washtakiwa miaka tisa, kisha nikawa karani wa mwendesha mashtaka miaka sita. Hapa nimesafisha ndege mpaka nikastaafu, na kwa kila siku ya kazi ile namshukuru Mungu. Ila nilikuwa nikimwomba anirudishe mahakamani walau mara moja (kupitia mlango wa mahakimu, si wa washtakiwa. Maombi lazima yafafanuliwe).

Asubuhi Mama Neema alinifunga tai yeye mwenyewe.

"Baba Neema, wamesema dakika tatu. Si mahubiri."

"Tatu tu."

"Na usisalimie kila mtu kwa jina lake."

Huyo ndiye mke wangu. Naye ni mwanachama, kwa hiyo tulikwenda pamoja, akakaa mstari wa pili, mkoba magotini, uso umejaa fahari.

Saa tano mkutano ukaanza. Mwenyekiti, bibi mmoja mpole aitwaye Gunilla, akanipa maikrofoni. Nikasema: "Nimemsikiliza mwizi akilia, na nimemsikiliza aliyeibiwa akilia. Machozi hayana upande. Mimi husubiri yakauke, ndipo nauliza maswali." Wakapiga makofi! Mama Neema akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Dakika mbili na nusu! Moyoni nikasema, Bwana asifiwe, uhakimu huo!

Ningekaa chini hapo, leo ningekuwa na heshima zangu zote.

Lakini Gunilla alikuwa na swali la mwisho, lile lile alilowauliza wenzangu watatu: "Kuna jambo lolote kukuhusu ambalo tunapaswa kulijua?"

Wenzangu walijibu "Hapana," wakakaa. Swali lile lilikuwa la kuuliza kama umewahi kufungwa. Sasa mimi, mzee wa kanisa miaka thelathini, nimesimama mbele ya watu, nimeshika maikrofoni, naulizwa kama kuna jambo nimeficha! Kwetu huo ni wakati wa ushuhuda. Mtu hasemi "hapana". Mtu anaungama.

Nikaungama.

Nilianza na treni niliyopanda bila tiketi, mwaka wangu wa kwanza hapa. Wakatabasamu. Nikasema niliwahi kusinzia kwenye mahubiri niliyoyahubiri mwenyewe. Wakacheka. Nikasema niliwahi kufua nguo zangu kwenye zamu ya jirani, katika chumba cha kufulia cha jengo zima (hapa zamu hiyo haiguswi). Hapo watu wawili walishtuka kweli kweli.

Roho ilikuwa nyepesi, wapendwa. Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikaendelea.

"Na jambo la mwisho. Miaka saba iliyopita sufuria kubwa ya kanisa iliungua ikatoboka siku ya Pasaka. Kina mama wawili walilaumiana. Tulikaa wazee watano, tukapiga kura ya siri. Wawili huku, wawili kule. Kura ya tano, iliyosema kosa ni la mke wangu, ilikuwa yangu."



Kisha kwa Kiswahili, kutoka mstari wa pili: "Baba Neema. Ni WEWE?"

Lazima niwaeleze. Mama Neema aliamini miaka yote saba kwamba aliyemwangusha ni Mzee Yakobo. Kila Krismasi huwapelekea wazee wote maandazi, isipokuwa Yakobo. Na mimi nilikuwa nakula mgao wake (hili sikuliungama. Limeviponyoka vidole vyangu sasa hivi).

Gunilla akaomba kutafsiriwa. Mama Neema akasimama, akamtafsiria mwenyewe, kwa Kiswidi safi cha miaka ishirini kazini, bila kuacha hata sufuria. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Gunilla alipofuta machozi akauliza: "Lakini mahakamani, siri za chumba cha kura hazitoki nje. Utaweza kuzitunza?"

"Hii niliitunza miaka saba," nikajibu, "na ninaishi naye nyumba moja."

Walinipitisha! Mzee mmoja wa Kiswidi alisema mtu aliyepiga kura dhidi ya mkewe, kisha akaendelea kuishi, hamwogopi mtu. Utukufu kwa Mungu.

Tulipofika nje ya kituo cha treni Mama Neema akasimama, akatoa simu, akaweka sauti kubwa.

"Shalom, Mzee Yakobo. Ni Mama Neema."

"Mama Neema?" akauliza. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado." Akanitazama. "Nakuomba msamaha, mzee wangu. Kesho baada ya ibada njoo kwetu ule. Baba Neema anapika sombe, ugali na samaki. Peke yake."

Nikanong'ona, "Naweza kukata rufaa?"

"Kwa nani?" akauliza.

Basi ndugu zangu, nawaomba kwa jina la Bwana msicheke. Madiwani bado hawajanichagua, na mimi tayari natumikia adhabu jikoni. Mwenye kujua sombe, yale majani ya muhogo, inachemka kwa muda gani aniandikie pembeni, upesi, maana ile niliyoiweka jikoni imeanza kunuka moshi.