Nilivyozaliwa Kabla ya Mama

Jumanne, 29 Juni 2004. Gitega.
Barua imefika! Nadia anaolewa Mwanza, Alhamisi ya wiki ijayo. Nadia wa marehemu Shabani, mdogo wetu wa mwisho, aliyekimbia vita na mtoto mgongoni, akafia ugenini. Sheikh wa huko ameandika: baba zake wakubwa wamebaki wawili, aliye mkubwa ndiye atakayemwozesha. Nimelia kidogo. Kisha nimefurahi sana, maana mkubwa ni mimi.

Tatizo ni Houssein, ndugu yangu. Vitambulisho vyetu vyote viwili vinasema vers 1956, yaani karibu na mwaka huo. Tulipelekwa komine, ofisi ya serikali, siku moja na karani alikuwa na njaa, akatuandika sawa. Tangu ujana Houssein amelishikilia hilo, eti nani ajuaye mkubwa ni yupi.

Bwana harusi ameongeza agizo: fomu za uhamiaji na forodha tuzijaze kwenye intaneti kabla ya safari. Intaneti! Mimi, fundi cherehani!

Jumatano, 30 Juni.
Houssein amekuja kutoka Muyinga, kwao hakuna intaneti. Amefikia kwangu. Riziki, mke wangu, kampikia ndizi na nyama. Mimi hupikiwa nyama nikiumwa.

Tumekwenda kwa Ghislaine, Mkongomani wa Bukavu mwenye kompyuta mbili nyuma ya soko. Mashine imekataa vers. Inataka siku, mwezi na mwaka. Ghislaine kasema asiyejua siku yake humpa tarehe moja Januari, nusu ya Gitega imezaliwa siku hiyo. Na mwaka? Houssein alikuwa ametoka kwenda kuswali. Wazo likanijia. 1950! Mkubwa kwa miaka sita, tena kwa maandishi.

Ghislaine kanionya: "Papa, mi naandika yenye unaniambia. Lakini nikisha tuma, haibadilike tena." Nikamwambia asitume kwanza, bado nafikiria orodha ya forodha. Kanzu ya bwana harusi, kofia kumi na mbili, kahawa. Nina akili mimi.

Alhamisi, 1 Julai.
Sikukuu ya Uhuru, Ghislaine amefunga. Houssein anapiga mluzi tangu asubuhi. Mtu mzima hapigi mluzi bure. Nikamkazia macho mpaka akashindwa kujizuia: jana baada ya Alasiri alirudi kule peke yake, akaiona fomu yangu kwenye kioo cha mashine. Akaandika 1945! Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wangu anakunywa na chai yangu.

Ijumaa, 2 Julai.
Nimefika kabla Ghislaine hajafungua. 1940. Houssein kaja mbio: 1936. Mimi: 1933. Umeme ukakatika. Tukasubiri kwenye benchi, bega kwa bega. Umeme ukarudi. Houssein 1932. Mimi 1931!

Mashine ikadai msafiri aliyepita miaka sabini ataje anayemsindikiza. Nikamtaja Houssein. Houssein akanitaja mimi. Kabla hajavuta pumzi nikapiga kelele: tuma! Ghislaine katuma zote mbili na kutuchapia nakala, huku akifuta machozi ya kicheko kwa kitenge. Nimeshinda!

Jumapili, 4 Julai. Muyinga.
Askari waliikagua barabara kwanza, wakaifungua saa tatu, tumefika salama. Mama anaishi hapa kwa Houssein. Akataka kusomewa hizo karatasi. Yasmina, mke wa Houssein, akasoma kila neno, kwa sauti, bila huruma.

Kitambulisho cha Mama kinasema vers 1936. Akasimama, akatuinamia: "Shikamooni, wazee wangu. Ni nani hapa alinizala mi?" Houssein akawatazama kuku.

Mama akaeleza kwamba Houssein alipozaliwa mimi nilikuwa natembea tayari, na nilimwaga uji wake wa uzazi. Basi mkubwa ni mimi. Akauliza kwa nini hatukumwuliza tangu mwanzo. Akamwamuru Yasmina aandike hayo kwa sheikh, akatia dole gumba. Nimeificha barua ndani ya kofia yangu. Msaada mdogo, lakini nimeupokea kwa adabu.

Jumatatu, 5 Julai. Mpakani.
Ofisa kasoma umri wangu, akanipa kiti chake. Miaka sabini na tatu, na meno yote! Houssein kasimama juani, kijana wa sabini na miwili. Raha iliyoje!

Kisha akauliza nani anamsindikiza nani. Tukanyoosheana vidole. Akafungua vitambulisho. Vers 1956. Nikamweleza kwamba vers ni karibu, na mbele ya Mungu miaka ishirini na mitano ni karibu. Akawaita wenzake waje wasikie tena. Wakacheka mpaka foleni yote ikacheka. Akasahihisha kwa kalamu: 1956, wote wawili. Akagonga muhuri. Orodha yangu ya forodha, kofia moja moja, hata hakuitazama. Na kiti kakichukua.

Alhamisi, 8 Julai. Mwanza.
Sheikh kaona karatasi zetu, kama za mapacha, akakuna ndevu. Nikatoa barua ya Mama kofiani. Akasoma, akanionyesha pa kukaa.

Nimemshika bwana harusi mkono, nimemwozesha binti wa Shabani. Mara ya kwanza nilikosea maneno. Nikarudia. Baadaye Nadia akaja kutusalimu, na ana kidevu cha baba yake, kilekile. Nimelia mbele za watu bila aibu. Houssein akanilalia begani, naye analia, akaniita kaka. Miaka yote hii, hajawahi.

Jumatatu, 12 Julai. Gitega.
Nimemsimulia Riziki jinsi intaneti ilivyoniokoa. Akauliza kama haikuwa barua ya Mama. Riziki haelewi mambo ya mashine.

Njiani Houssein aliropoka kwamba mwakani atajaza fomu ya hija. Kwa intaneti. Leo asubuhi nimewahi kwa Ghislaine, nimeacha yangu tayari: tarehe moja Januari 1919. Hija yenyewe sijui nitakwenda lini. Ila nitakwenda nikiwa mkubwa. Na Mama asijue.