Kombaini Inapigwa Ubavuni

Jumatatu, 1 Juni
Mpunga wangu umeiva, ukiguswa unapukutika. Ekari moja, chakula cha mwaka mzima, mimi na mwanangu Fidel! Baba yake yuko kwenye mashamba ya miwa, hajapata ruhusa. Hapa Namawala kombaini ya kuvunia ni moja tu, na Jumamosi inahamia Mlimba. Dereva wake, Venance, anakula kwa jirani yangu Getrude. Sasa nani atavuniwa kwanza? Nimelia kidogo. Fidel akanicheka kwa meno yake mawili.

Jumanne, 2 Juni
Nimekwenda kumwamkia mjomba Telesphory, mwanajeshi mstaafu. Kasema adui mwenye nguvu hafuatwi usoni. Unamwacha akutazamie mbele, wewe unazunguka, unamtokea pembeni asikolinda. Jeshini wanaita kupiga ubavuni. Nikauliza, na kama una mtoto mgongoni? Kasema hilo hawakufundishwa.

Jumatano, 3 Juni
Getrude kanipitia: mama Fidel, twende wote kwa Venance tukapange zamu. Nikasema kichwa kinaniuma. Ha! Kashika barabara, mimi nikakata kwenye majaruba ya mpunga na vitumbua vyangu, nimtangulie. Nikazama kwenye mfereji mpaka magotini. Ndala moja imebaki huko. Nafika, zamu zimeshapangwa, Getrude anakunywa chai. Venance kala vitumbua vyote sita, kasifu, kisha kauliza mbona nanuka tope. Zamu yangu sikuuliza. Ukiuliza, umetoa siri.

Alhamisi, 4 Juni
Getrude kapiga hodi mara mbili, eti ana habari yangu. Nikajibanza ndani, Fidel nimempa ziwa asilie. Hanipelelezi mtu!

Ijumaa, 5 Juni
Jamani.
Nilitoka alfajiri, Fidel mgongoni, nimvizie Venance kwenye njia ya Mchombe, anakopita na mashine, aanze na mimi. Nilipita nyuma ya matete, Getrude asinione. Tumekaa hadi saa tano. Jua kali! Fidel kala mchanga. Mara nasikia mashine inanguruma, lakini nyuma yetu, kule kule nyumbani. Nikakimbia.
Shambani kwangu nimekuta alama za matairi. Zimefika ukingoni, zimegeuka. Getrude kasimama pale, sauti imemkauka kwa kuniita. Kasema ni yeye aliyeomba waanze na mimi, kwa ajili ya mtoto. Venance kasubiri saa nzima. Getrude alitaka kumwonyesha mipaka, kakataa: mwaka jana alivuna shamba la mtu kimakosa, sasa anamtaka mwenye shamba mwenyewe. Amekubali kupita kesho asubuhi, mara ya mwisho, akielekea Mlimba. Getrude kanishika mkono: mdogo wangu, nakuomba, kaa hapa hapa, usisogee.
Nimeokota punje chini. Kiganja kimoja. Ndege, kwelea kwelea, walikuwa wameshakula zaidi yangu. Huyu mtoto nitampikia nini?

Jumamosi, 6 Juni, alfajiri
Nimefikiri sana. Kaa hapa hapa, usisogee! Sasa mtu anayetaka kukupiga ubavuni atakuambia nini kingine?
Fidel nimeshamfunga mgongoni. Tunatokea nyuma, kwenye matete, tukamvizie Venance njia ya Mlimba.