Nishani ya Marehemu Injinia

Gari la farasi lilikuwa limekwisha kupakiwa masanduku, na treni ya kusini inapiga king'ora kule stesheni, Zubov alipomwona mzee Qiao, Mchina tajiri wa mafuta ya soya, akivuka barabara na kisanduku kwapani. Mguu wa Zubov uliokuwa kizingitini ukarudi ndani wenyewe. Tapeli aliyefunzwa vizuri hakimbii na kuacha chakula mezani.

"Mzee wangu, karibu! Ile nishani uliyoililia, leo chukua, kwa kuwa nakupenda."

Akafungua leso. Majoka mawili ya dhahabu, na rangi yake ya buluu iliyochomwa motoni iking'aa kama jicho la paka.

"Ya mfalme wenu, imefuliwa na masonara wetu wa Petersburg. Igeuze uone mhuri, kichwa cha mwanamke. Bibi huyo hasemi uongo."

"Basi Kapitani, wewe na yeye si ndugu," alisema Qiao. Lakini aliitaka. Angeivaa harusini kwa mjukuu, kaka yake apasuke kwa wivu. Akafungua kisanduku: mzizi wa jinseng, dawa ghali kuliko dhahabu, una mikono na miguu kama mtu. "Umekaa mlimani miaka mia. Shanghai watakubusu viatu."

Zubov akaikunja leso upya, na katika kukunja huko dhahabu ikaingia kwenye koti lake la manyoya lililokuwa kitini, Qiao akapokea ya bandia, ya shaba. Dhahabu yenyewe ilikuwa ya Glafira mwenye nyumba, urithi wa marehemu mumewe, injinia wa reli. Mjane hakuwa na mali nyingine, na Zubov alimwambia bado iko kwa sonara inasafishwa.

Glafira akatoka jikoni na mikate ya kabichi ya njiani.

"Arkadi Lvovich, unasafiri bila kuketi?" alimwambia Zubov. "Haya, shauri yako."

Zubov akaganda. Mara moja tu aliwahi kusafiri bila kuketi, akalala jela miezi minane. Wakaketi wote, vichwa chini, macho wamefumba, kimya, kama Warusi wafanyavyo kabla ya safari. Qiao, ambaye kwao hakuna mambo hayo, hakufumba. Zubov alisikia koti likichakacha. Kufumbua kabla ya wakati ni kualika ajali. Panya hao, alijiambia.

"Mungu akutangulie," alisema Glafira, akamvika koti mwenyewe, mpaka kifungo cha mwisho.

Kona ya pili Zubov akapapasa mfuko. Akatoa kifuniko cha mtungi wa jamu.

"Geuza farasi! Hapana, usigeuze!" Aliyekwisha kuketi akirudi, harudi peke yake, hurudi na mkosi.

"Baba, farasi ni mmoja," alisema mwenye gari. "Aende wapi?"

"Stesheni," alisema Zubov, ameukumbatia mzizi wake.

Glafira aliiuza nishani, akaezeka paa. Qiao aliivaa shaba harusini, na kaka yake hakula siku mbili. Mzee aliona yote katika ule ukimya, hata mkono wa mjane kwenye koti, ila hakutaka kuharibu desturi ya watu. Mwuza dawa wa Shanghai aliuloweka mzizi, gundi ikaachia, mikono na miguu ikadondoka, ikabaki karoti nyeupe. Zubov aliitia kwenye supu. Ilikuwa ngumu.