Kava Jipya la Ufunguo wa Dativa

Jumatatu, 11 Novemba

Gari la Dativa limelala kwangu! Hapa hapa Kagoma, uani, kando ya migomba, limetulia kama ng'ombe aliyeshiba.

Habari za jioni, daftari. Samahani nimekurukia bila hodi.

Dativa ni mtoto wangu wa kwanza. Afisa kilimo. Kasomeshwa kwa kahawa ya kibanja hiki na kwa akili alizozitoa kwangu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini akili haikuishia hapo, iliendelea yenyewe. Jana kaenda semina Dodoma, gari kaniachia mimi, si mtu mwingine. Ijumaa anarudi kwa ndege na harudi peke yake. Anakuja na kijana anaitwa Avit. Nilimwuliza Avit ni nani. Akasema, Mama, utamwona. Alisema kwa sauti ile. Miaka yote naisubiri sauti ile.

Mpango: mimi na Ta Mwijage, mdogo wake marehemu mume wangu, tutawapokea uwanja wa ndege Bukoba kwa gari lake mwenyewe. Ta Mwijage ana leseni. Atapita mara moja moja kuliwasha lisipoe. Mimi nisiguse kitu. Nilikubali upesi.

Tatizo ni ufunguo. Gari linang'aa, ufunguo ni aibu. Kava la rimoti limepasuka, vitufe vimebaki matundu, limefungwa kwa mpira ule wa kufungia karatasi. Jioni nikaenda nao kwenye sala ya jumuiya. Ningeuachaje nyumbani? Jirani yangu Ma Immakulata kila wiki anaweka mezani ufunguo wa akiba wa gari la mwanawe Lameki. Mweusi, unateleza kama kambale. Leo nikaweka wangu kando ya wake.

Katikati ya rozari mpira ukakatika. Ufunguo ukaachana vipande viwili. Betri ikabingirika hadi miguuni kwa katekista.

Ma Immakulata aliiokota, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Ma Dativa, pole waitu, mwenzetu. Na milango nayo mnaifunga kwa kamba?"

Watu walicheka na rozari haijaisha. Mungu aliona.

Avit ashuke kwenye ndege akute mpira? Hapana. Nabadilisha kava. Mwenyewe.

Jumanne, 12 Novemba

Bukoba! Kava limepatikana!

Duka la Hamidi, karibu na soko. Makava yametundikwa ukutani kama samaki wa kukausha. Langu nililiona tangu mlangoni. Jeusi, vitufe laini, ukikibonyeza kimoja kinakuitikia kidogo kama shavu la mtoto.

Hamidi akasema nikae kidogo anibadilishie, kazi ndogo, wala hanidai. Nikamwambia nachonga mihini ya majembe kwa mkono wangu mwenyewe, sembuse kava. Akasema sawa mama, basi nikueleze. Akaeleza kweli. Lakini mtaa ule unateremka ziwani, na ziwa asubuhi hii lilikuwa jeupe kama maziwa, na kisiwa cha Musira kimekaa juu yake hakigusi maji. Nikakitazama. Mdomo wa Hamidi ulikuwa unakwenda. Nilisikia "kidude cheusi". Nilisikia "usikiache humo". Nikaitikia ndiyo, baba, ndiyo. Mimi tayari nilikuwa Ijumaa. Nimevaa gomesi la zambarau, nimesimama nje ya uwanja, ndege inashuka taratibu kama jani. Nabonyeza. Gari linaniitikia. Avit anageuka kuuliza yule mama ni nani.

Njia nzima hadi Kagoma nilikuwa nabonyeza kava tupu ndani ya mkoba.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefanya! Nimefanya! Fundi ni mimi!

Mvua ilikuwa inanyesha polepole juu ya migomba, ile mvua isiyo na haraka. Nikafuta meza. Kisu cha kumenyea ndizi, mchi, kitambaa safi. Nikalipasua kava la zamani mshononi likafunguka lote, vitu vikatawanyika. Ndani mna kibao cha kijani chenye njia na nyumba ndogo ndogo. Nadhani hivi ndivyo Dativa anavyouona mji akiwa kwenye ndege. Nilikitazama sana. Nilitafuta nyumba yetu.

Kibao nimekihamisha. Betri nimeihamisha. Ule ufunguo wenyewe wa chuma uligoma, nikaugonga kwa mchi ukatii. Kulikuwa na buni moja imedondoka mezani kati ya vipande, nikairudisha kwenye kikapu cha kahawa ya kutafuna. Mimi si mtu wa kupoteza kahawa. Kidude cheusi cha Hamidi sikukiona kabisa. Labda gari letu ni la aina bora, halina.

Kava la zamani nimelitupia motoni jikoni. Lilinuka vibaya.

Kisha nikatoka barazani, nikabonyeza. Tii-tii! Taa zikapepesa kwenye mvua. Nikabonyeza tena. Tii-tii! Mbuzi wa Ma Immakulata akakata kamba, na mwenyewe akaja kumfuata. Nikamkaribisha ndani. Nikamwekea kikapu mbele yake kama mgeni wa heshima. Yeye anatafuna, mimi nabonyeza.  Wakati wa kuondoka nikammiminia buni zote zilizobaki kwenye jani la mgomba, achukue nyumbani, ndivyo tunavyomsindikiza mgeni. Nilikuwa na huruma naye.

Nimekaa garini hadi giza lilipoingia. Sikuliwasha. Nilishika usukani tu, kioo kina ukungu, migomba inapita polepole pande zote mbili.

Alhamisi, 14 Novemba

Gari limekufa.

Ta Mwijage alikuja asubuhi. Milango, tii-tii, safi. Akazungusha ufunguo. Gari likakohoa likanyamaza. Akarudia. Likanyamaza. Kwenye dashibodi kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya ufunguo, inapepesa, inapepesa. Ta Mwijage akaniuliza nimefanya nini. Nikasema labda mafuta. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama marehemu.

Nikampigia Hamidi. Akaniuliza kile kidude cheusi nimekiweka wapi. Nikamwomba anieleze tena, mara ile kulikuwa na kelele dukani. Akasema gari haliwaki mpaka likione. Ni kadogo, keusi, kagumu, kamekaa ndani ya kava la zamani kwenye kishimo chake. Ukubwa wake?

"Kama buni, mama."

Nikakimbilia kikapu cha kahawa.

Kikapu kitupu. Nimekimwaga kwa mkono wangu, kwenye jani, kwa adui.

Nikavuka mpaka wa mashamba yetu kwenda kwa Ma Immakulata. Nilijipanga njiani: nitasema kahawa ile imeingia ukungu, airudishe, namhurumia tumbo. Nilimkuta barazani kwake amekaa kama anayesubiri kupigwa picha. Nikasema maneno yangu ya ukungu. Akasikiliza yote. Akasema kahawa ni tamu, ameimaliza, isipokuwa moja. Akafungua fundo la khanga. Pale katikati, kidude cheusi, na alama ya jino.

"Ma Dativa, kwako mgeni analishwa mawe?"

Alikuwa anakitunza akionyeshe kwenye jumuiya. Nikamwambia kweli. Yote.  Nilimwambia mtoto amesoma, amejenga jina, amenunua gari kwa jasho lake, na mara ya kwanza kuniletea mtu, atakuta mama yake ameua gari.  Ma Immakulata akafunga fundo tena.

"Kiti cha mbele," akasema. "Kwenda na kurudi. Na ufunguo nashika mimi."

Nikakubali. Kuna siku mtu anakubali.

Ijumaa, 15 Novemba

Limewaka! Ta Mwijage ndiye aliyekirudisha kidude kwenye kava, mimi nilishika kitambaa. Alipozungusha, gari likaunguruma kama paka.

Ma Immakulata alikaa mbele, kavaa kama anakwenda kumpokea askofu. Mimi nyuma. Sikujali. Baada ya Muhutwe ukungu ulikuwa unanyanyuka kwenye mashamba, na Kemondo ziwa likafunguka lote, na gari la mwanangu likawa linaelea. Nilifumba macho nikaendesha mimi.

Ndege ilishuka. Si kama jani. Kwa kelele. Dativa akatoka, na nyuma yake kijana mrefu, mpole, amebeba mikoba yake na ya mtoto wangu. Ma Immakulata akainua ufunguo juu. Tii-tii. Avit akageuka, akaenda kumwamkia yeye kwa kupiga magoti.

"Shikamoo mama," akamwambia Ma Immakulata.

Akaitikia! Marahaba, mwanangu! Ilimbidi Dativa amnyanyue kijana na kumgeuza upande wangu.

Kurudi, Dativa akataka kuendesha mwenyewe. Ma Immakulata hakutoka mbele. Makubaliano ni makubaliano. Basi nyuma tukabaki mimi, Ta Mwijage na Avit, na kwetu mama mkwe na mkwe hawabanani, hata kutazamana usoni ni shida. Ta Mwijage akawekwa katikati kama ukuta. Lakini Ta Mwijage ni mwembamba kama mwiko. Nilijifunika khanga kichwani, nikageukia dirisha, nikatazama ziwa hadi shingo ikauma.

Na pale Kemondo Ma Immakulata akasimulia. Hakuwa ameahidi kunyamaza, nilisahau kumwapisha. Buni, jino, jani, fundo. Avit alicheka hadi Ta Mwijage akatikisika. Dativa hakucheka. Aliendesha mpaka Muhutwe, akaegesha pembeni.

"Mama, ungeniambia tu. Ningenunua kava."

Nikamjibu nikiwa nimetazama dirishani, kwa sababu ya mkwe.

"Nilitaka akukute na vitu vinavyokufanana."

Akanyoosha mkono nyuma, akanishika goti.  Avit alikohoa kidogo, akasema kwa ukuta, yaani kwa Ta Mwijage, kwamba kwao Izimbya hakuna mama anayejua kufungua rimoti. Ta Mwijage akanifikishia.

Nimempenda.

Jumamosi, 16 Novemba

Wanakuja kuposa! Dativa amesema asubuhi tukimenya ndizi. Ukoo wa Avit, wazee wa Izimbya, wote. Gari letu litawangojea barabara kuu, liwaongoze mpaka hapa.

Ameniapisha. Nisiguse ufunguo, si kava, si betri, si kitufe. Nikaweka mkono kifuani nikaapa mbele ya Ta Mwijage, na nitashika neno langu. Mimi ni mtu mzima, nimeona.

Dativa na Avit wamekwenda Bukoba kwa basi kununua mavazi, gari wameliacha lisichafuke kwa tope. Gari liko uani. Nimelizunguka kwa macho tu. Mvua imekatika, jua limepiga mbele yake, na sasa ndiyo nimeona: taa zake zote mbili zina ukungu. Za njano, kama macho ya mzee aliyelala mchana. Wageni wa watu waongozwe na macho hayo?

Taa hazikutajwa kwenye kiapo. Nimesikia watu wanazing'arisha kwa dawa ya meno. Dawa ninayo. Na kwa kuwa ukungu wenyewe ni mkaidi, nimeongeza na stilwaya ya kusugulia sufuria, mpya kabisa. Taa ya kulia nimeshaanza. Imekuwa nyeupe yote, laini, kama ziwa asubuhi. Ndani yake huoni kitu. Ikikauka nadhani itafunguka.

Waje. Jumapili tarehe 24, baada ya misa ya pili, waje wote.