Mgomba wa Mama Mkwe na Baridi ya Maskati

Jumatatu, 5 Januari 2026

Baridi imeingia! Nimetoka asubuhi kwenda wizarani, meno yanagongana. Kwanza nikakimbilia uani kuutazama mgomba. Jani moja limegeuka njano. Balaa!

Mgomba wenyewe ni wa ndizi za mkono wa tembo, mali ya mama mkwe wangu, Bi Mahfoudha. Alikuja na chipukizi lake kutoka Unguja, kalifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Idi Kubwa dadake wa huko Unguja anakuja kututembelea, naye kila akipiga simu husema Maskati hakuoti kitu cha maana. Bi Mahfoudha ameapa kumpikia ndizi za nazi zilizotoka uani kwake. Sasa yuko Sohar kwa mwanawe. Kaniachia mimi. Kasema nimwagilie maji tu. Maji tu! Mtu mwenye fikra kama zangu!

Jumatano, 7 Januari

Kazini sikufanya kitu. Nimetazama video ya bwana mmoja wa nchi ya theluji. Huukata mgomba usawa wa kiuno, akaujazia majani makavu, akaufunika blanketi. Joto likirudi, mgomba unaamka. Fundi kweli!

Jioni nikamweleza jirani yetu Sinan, mwenye migomba mitatu. Akaniuliza nimeiona wapi theluji hapa Al Khuwair. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wivu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimetoka msikitini, nimekata. Panga moja, mgomba chini. Blanketi nimechukua la mke wangu, Wijdan, lile la manyoya la harusi yetu. Alikuwa anaoga.

Kisha nikatazama pale nilipokata. Katikati ya shina kuna kitu cheupe, laini, kimejifumba kama ngumi. Ua. Mkungu ulikuwa njiani unapanda.

Nimekaa chini kwenye udongo. Wijdan kaliona blanketi kwanza, mgomba baadaye. Kavililia vyote viwili.

Jumamosi, 10 Januari

Nimepata fikra! Nimekwenda madukani mtaa wa Ghala, nimenunua bomba la chuma na utepe wa kijani. Kichwa cha mgomba nimekirudisha juu ya kisiki, nikakifunga barabara. Ukisimama mbali hujui kitu. Sinan kachungulia ukutani, kasema ataomba dua. Nikamuuliza, ya mgomba? Akasema hapana, yangu.

Jumatatu, 12 Januari

Bi Mahfoudha karudi. Hata buibui hakuvua, moja kwa moja uani. Nikamwambia mgomba umechoka kidogo, asiusogelee. Akalishika jani, taratibu, kama anavyomshika mtu mkono. Kichwa chote kikamwangukia miguuni, na bomba juu yake.

Nilingoja matusi. Hakutukana. Aliinama, akaliona lile ua.

"Khalil, baba, huu ulikuwa unazaa."

Basi. Nikamwomba radhi. Akampigia simu dadake mbele yangu, akamwambia Idi hii ndizi hazipo. Nikamsikia dada anacheka huko. Akauliza mgomba umepatwa na nini. Bi Mahfoudha akanitazama.

"Baridi, dada. Nnakwambia, baridi ya huku wewe hujaiona."

Nimeingia ndani.

Alhamisi, 15 Januari

Kando ya kisiki yametokeza machipukizi mawili! Bi Mahfoudha kaniapisha, Wijdan shahidi: sitagusa mgomba tena maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mmoja. Panga kalifungia chumbani kwake. Haki yake. Mtu lazima ajue mipaka yake.

Mchana nimeona video nyingine. Bibi mmoja huko Ulaya anafundisha kuufufua mti wa ndimu. Unaung'oa, unaosha mizizi kwa maji ya moto, unaupanda upya. Mndimu wa Bi Mahfoudha pale langoni naona umenywea sana siku hizi.

Nimeapa migomba. Ndimu hazikutajwa.

Sinan ana sururu.