Sufuria Iliyosema Kiingereza

Jumatatu, 9 Juni

Kazi imepatikana! Yaani, karibu. Papa Jérôme, inspekta wa shule aliyestaafu, anafungua kozi ya Kiingereza ya jioni hapa mtaani kwetu, Lumumba, Bunia. Anataka mwalimu mmoja. Tuko wawili: mimi, na Mumbere wa Butembo, muuza simu, mwenye kamusi nene kama mto wa kulalia. Jumamosi kila mmoja ataeleza kitenzi kimoja mbele ya watu. Maana, asili, na mfano wa kuonekana kwa macho.

Lazima nishinde. Kaka yangu Christian ameandika kutoka machimbo ya Mongbwalu: "Vital, kama unashindwa, kuya huku. Beseni yako ya matope iko." Miezi minne nilibeba matope ya dhahabu ya watu wengine. Sirudi!

Nimejiona tayari. Tai. Chaki mpya. Wanafunzi wanasimama nikiingia. Claire, dada yangu, aliniita mara tatu kabla sijasikia.

Jumanne, 10 Juni

Tumechagua vitenzi kwa vikaratasi ndani ya kofia. Mumbere amepata "boil", kuchemka. Bahati gani hiyo! Neno lililopitia Kifaransa, ndugu wa "bouillir", kila mtoto wa Bunia analijua nusu. Mimi nimepata "simmer". Sijawahi kukutana nalo. Nililitazama kwa tabasamu kama mtu anayemwona jamaa.

Nilimwambia Mumbere neno lake ni gumu mno, na kwamba kwa huruma tu niko tayari kubadilishana. Alinishukuru, akakataa. Roho mbaya.

Jumatano, 11 Juni

Nimetafuta kwenye simu ya Claire. "Simmer" ni kutokota: kuiva kwa moto mdogo, kabla ya fujo ya mapovu makubwa. Na asili? Zamani Waingereza walisema "simper", na wataalamu wanadhani neno lilitokana na mlio wa chungu chenyewe. Mlio! Hakuna mfalme. Hakuna vita. Hata Kilatini hakuna. Nani atampa kazi mtu mwenye neno la jikoni?

Claire alikwenda sokoni, akaniacha niangalie maharagi ya Djugu kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikakaa. Nikasikiliza. Makaa mekundu, mvuke, mvua ndogo nje. Na kweli, chini ya kifuniko, kitu kilisema: sss-imm, sss-imm. Nikamwona mama mmoja wa Kiingereza, miaka mia tano iliyopita, yuko peke yake na chungu chake, anatafuta namna ya kumweleza jirani anachokisikia. Na sisi je? To-ko-ta, to-ko-ta. Labda na sisi tulikuwa na mama wa namna hiyo. Nilitamani kumjua. Nilitamani kumsalimia. Sijui nilikaa vile kwa muda gani, lakini nilikuwa na raha ambayo sijaipata tangu utoto.

Maharagi yameungua. Claire amesema maneno ambayo hayamo kwenye kamusi ya Mumbere.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango umekamilika. Maji hayana mvuto. Nitatumia maziwa! Na si maziwa yoyote: ya ng'ombe wa Papa Jérôme mwenyewe, ili asikie heshima. Hippolyte, mchungaji wake, ameniuzia kidumu. Sikumwambia ni ya nini.

Ndiyo, najua. Kwa watu wetu wa ng'ombe kuna mwiko: maziwa ya nyumbani hayawekwi motoni, ng'ombe atakauka. Bibi yangu aliushika mpaka kufa. Maziwa ya unga, chemsha mpaka Yesu arudi, hakuna atakayekuuliza. Lakini inspekta mzima, mwenye diploma mbili? Hayo aliyaacha zamani.

Jumamosi, 14 Juni

Mumbere alianza. Dakika arobaini. Maji yake yalikauka kabla maelezo hayajaisha.

Kisha mimi. Niliomba kimya. Niliweka maziwa juu ya makaa machache, nikaondoa kifuniko. Watu hamsini wakainamisha vichwa. Na maziwa yakasema! Polepole, kwa sauti ya mtu anayejisemea. Papa Jérôme alifumba macho. Hata Mumbere alifunga kamusi. Sote tulikuwa mahali pengine, tukisikiliza neno likizaliwa. Nilikuwa mwalimu. Dakika ile nilikuwa mwalimu kweli.

Ningeishia hapo. Lakini heshima! Nikatangaza kwamba maziwa ni ya ng'ombe wa Papa Jérôme.

Sikuwa nimemwona bibi kizee, Koko Emérance, mama mzazi wa Papa Jérôme, kwenye benchi la nyuma. Alisimama na fimbo yake. "Weye! Unapika maziwa ya ngombe yangu? Unataka akauke?" Nilitoroka kupitia dirishani.

Jumatatu, 16 Juni

Ng'ombe amepunguza maziwa. Nusu kidumu tu! Hippolyte hanisalimii.

Papa Jérôme ameniita. Akasema maelezo yangu yalikuwa bora kuliko yote, na kwamba yeye binafsi haamini mwiko ule. "Mais Vital, mama ni mama." Kwa hiyo ameamua: kama maziwa yatarudi kabla ya Jumapili, kazi ni yangu. Yasiporudi, ni ya Mumbere, na mimi Mongbwalu. Wakati huo nikate majani ya ng'ombe, nimtumikie Koko.

Alhamisi, 19 Juni

Ninakata majani asubuhi na jioni. Ng'ombe anatafuna, ananitazama, mawingu yanapita. Nimemwomba msamaha kwa lugha tatu.

Koko hufukiza vibuyu vyake vya maziwa kwa moshi wa majani makavu. Viko tisa, vingine vya mama yake. Harufu tamu, ya moshi na siagi ya zamani. Anasema hiyo harufu ilianza kabla yake, na bila hiyo maziwa si maziwa. Nilikuwa namtazama ng'ombe, sikusikia yote. Lakini leo ameniita "mutoto yangu".

Jumapili, 22 Juni

Yamerudi! Kidumu kizima, na povu juu! Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Papa Jérôme amenipa mkono: kesho asubuhi atatangaza jina langu. Ameniomba jambo moja tu, niende nyumbani nisifanye kitu chochote.

Lakini mtu ataondoka bila kushukuru? Koko yuko misa. Nimeingia, nimevitoa vibuyu vyote tisa, nimevisugua ndani na nje kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Mara tatu! Ile harufu ya moshi ilikuwa ngumu, lakini imetoka yote. Sasa vinanukia limau. Nimevipanga mlangoni, juani, avione kabla hajaingia.

Namsikia kwenye lango. Anaimba.