Kumbukumbu Isiyowakosea Wazee Heshima

Jumatatu, 9 Machi 2026
Niwie radhi, daftari langu. Sijakuandikia tangu Krismasi. Lawama ni za programu ya simu ya chama chetu cha parachichi, Kisondela. Mkulima hutuma idadi ya kreti, nasi tunapanga lori. Inakwama kila wiki, wala haisemi kwa nini. Wanachama wananitazama mimi, katibu!

Jumamosi kamati itachagua msimamizi wa programu: mimi au Tusekile, muuguzi wa zahanati. Miaka thelathini na minne nimefundisha. Nishindwe na mtu wa sindano?

Lusungu, mtaalamu wetu kutoka Tukuyu, anaongeza kumbukumbu ndani ya programu. Kila tukio litaandikwa kwa uzito wake: taarifa, onyo, kosa, hatari. Likiwa hatari, simu zote za kamati zinalia. Vizuri sana. Tusekile ataumbuka.

Jumanne, 10 Machi
Makosa matatu. Yote yangu! Tusekile ameyasoma kwa sauti wakati wa chai. Akasema pole, Mwalimu Ambindwile, mashine haijui shikamoo. Wamecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 11 Machi
Nimepata dawa. Nimemweleza Lusungu kwamba kwetu huandiki neno kosa mbele ya jina la mzee. Aliyepita miaka sitini, kama mimi, aandikiwe taarifa tu. Akanijibu kwa adabu kwamba, baba, uzito ni wa tukio, si wa mtu. Nikamkumbusha nani alimfundisha mama yake kusoma. Akashusha pumzi. Akabadilisha.

Alhamisi, 12 Machi
Ushindi! Nimeharibu mara kumi na moja. Taarifa kumi na moja, safi kama shuka la hospitali. Tusekile ana miaka hamsini na minne: makosa mawili. Nimeyabandika ukutani.

Ijumaa, 13 Machi
Mkosi mdogo. Asubuhi nimefuta lori la leo nikidhani ni la jana. Hiyo ni hatari. Simu zilipaswa kulia. Hazikulia, kwa kuwa aliyefuta ni mzee. Kreti arobaini zimekaa barabarani, mvua ikinyesha.

Tusekile akaita bodaboda tisa. Mzigo wote ukafika kwa mnunuzi kabla ya saa kumi. Wakulima wakamwimbia. Nami, kama katibu, nikafungua kumbukumbu nikaandika: "Kosa: Tusekile amesafirisha mzigo bila lori." La tatu hilo! Nalala kwa amani.

Jumamosi, 14 Machi
Nimeisomea kamati kumbukumbu nikiwa nimesimama wima. Mimi: makosa, hakuna. Tusekile: matatu. Mwenyekiti Obed akauliza basi nani alifuta lori. Nikajibu kwamba hilo ni taarifa, na taarifa haina mkosaji. Akaguna, "Gwe, wewe Mwalimu!" Wajumbe wakainamisha vichwa. Hoja nzito huinamisha.

Sasa wamejifungia ndani. Nimesimama chini ya dirisha. Nasikia jina langu, kisha vicheko: dalili njema. Wamemwita Tusekile aingie, bila shaka wampe pole kwanza. Wamemwita Lusungu pia. Nimemwagiza akitoka aongeze daraja la tano, pongezi, liwe la wazee peke yao.

Sasa wanapiga makofi. Nitakuandikia uamuzi ukishatangazwa. Nakwenda kuvaa koti la suti.